Kompyuta haijui bei ya dola ya kesho

Wapo wanaofanya biashara ya fedha za kigeni kwa kutumia programu za kompyuta. Programu hizo huchambua bei zilizopita, kisha hukadiria thamani ya dola au yuro siku zijazo.

Mwaka 1983 wachumi Richard Meese na Kenneth Rogoff walizipima fomula za aina hiyo. Kwa kipindi cha hadi mwaka mmoja, hazikuwa bora kuliko kusema tu kwamba bei itabaki kama ilivyo leo.

Tangu Septemba 2011, Benki Kuu ya Uswisi ilizuia yuro isishuke chini ya faranga 1.20. Januari 15, 2015 iliondoa kizuizi hicho ghafla. Takwimu za miaka mitatu ya utulivu hazikumsaidia mtu. Kampuni ya Alpari ya Uingereza ilifilisika.

Hatari kubwa ni mkopo wa dalali. Ukicheza na fedha mara 50 ya mtaji wako, bei ikikugeuka kwa asilimia 2 tu, mtaji wote umekwisha.

Kwa hiyo, mkulima na mfanyabiashara mdogo, fedha ya mbegu na ya kununulia mzigo isiingie huko. Unayeagiza bidhaa nje, iulize benki yako kama mnaweza kukubaliana bei ya dola mapema.