Kamera na Darubini: Mafahali Wawili Zizi Moja

Katika siku za karibuni tumeulizwa swali moja na askari kadhaa, hasa wale wa doria za ziwani na mipakani ambao hupenda kutazama ndege saa za mapumziko. Je, mtu akichukua kamera ya kuvuta mbali na kuiweka nyuma ya darubini ya jicho moja, hatapata picha za mbali maradufu? Swali hili lastahili jibu kamili, kwa kuwa vyombo hivyo viwili ni vya bei kubwa, na mshahara wa askari si wa kuchezewa.

Ufundi wa kupiga picha kupitia darubini, ambao wenyewe huuita dijiskopingi, ulipata sifa mwaka 1999, pale Laurence Poh, mtazamaji ndege wa Malaysia, alipoishika kamera ya dijitali kwenye tundu la kutazamia la darubini yake, akaona picha imetoka safi. Yafaa tuzingatie jambo moja katika habari hiyo: kamera yake ilikuwa ndogo.

Sisi tulijaribu kinyume chake, asubuhi moja katika kinamasi cha Mabamba, kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda, makazi ya yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo ulio kama kiatu. Ndege huyo husimama kimya muda mrefu akivizia samaki, hivyo mpigaji picha hawezi kusingizia kwamba alinyimwa nafasi. Kamera yetu ilikuwa Nikon P900, iliyotolewa mwaka 2015, ambayo huvuta mara 83. Tulipoiweka nyuma ya darubini tuliona duara dogo la mwanga katikati ya giza totoro. Tulipovuta ili duara lipanuke, lenzi ilijitokeza ikaigonga darubini. Tukairudisha, na giza nalo likarudi. Hatimaye ndege akaruka, nasi tukabaki mikono mitupu.

Sababu yake ni hesabu tu. Kamera hiyo ikivutwa hadi mwisho, tundu lake la kupokelea mwanga huwa na upana wa milimita 55 hivi. Darubini yenye kioo cha mbele cha milimita 65, ikikuza mara 20, hutoa nyuma miale iliyobanwa katika upana wa milimita 3 na robo. Basi kamera iliyozoea ndoo hupewa kijiko, na picha huwa ya giza na ukungu. Tena, 55 na 65 hazipishani sana: kamera ya namna hii yenyewe tayari ni darubini.

Simu ya mkononi, ambayo wengi huidharau, hufaa zaidi nyuma ya darubini, kwa sababu lenzi yake ni ndogo na imekaa karibu na kioo cha nje. Lenzi iliyo sawa na milimita 26 kwa kipimo cha kamera za filamu, ikikuzwa mara 20, huwa sawa na milimita 520. Kweli, P900 peke yake hufika 2000. Lakini aliye na darubini tayari hana haja ya kununua kitu kingine ila kishikizo cha kuibana simu. Darubini isimame juu ya miguu mitatu imara, na simu iwekewe kuchelewa kwa sekunde 2, ili mtikisiko wa kidole upite kwanza.

Kuna adui mwingine ambaye hakuna lenzi inayomshinda. Jua likipanda, joto huifanya hewa iliyo juu ya nchi na maji icheze, na chombo kinachokuza mashua hukuza na mchezo huo pia. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa mashua yaweza kuonekana 1 saa 1 asubuhi, na saa 7 mchana ikafanana na 7. Mvuvi asiye na hatia aweza kulala rumande kwa kosa la hewa. Kwa hiyo askari apige picha nyingi mfululizo, azilinganishe, aandike saa na umbali, na picha ya asili aihifadhi bila kuigusa. Zikipingana, asiandike namba yoyote katika taarifa yake mpaka mashua ifike gatini.