Mtoto Aliye Tumboni: Je, Sheria Imhesabu Kuwa Mtu?

Mama yangu akiulizwa ana watoto wangapi, hujibu sita. Fomu zote nilizowahi kumjazia, za serikali na za parokia, zinasema watano. Anayekosekana ndiye angekuwa wa tatu. Alifia tumboni mimba ikiwa ya miezi saba, mimi nikiwa na umri wa miaka minane. Nakumbuka baba akishuka kwenye gari na boksi lililofungwa kwa kanga, na babu akiwa ameshachimba shimo kihambani, pembeni ya migomba. Likapandwa isale. Padre hakuwapo na jumuiya haikuitwa.

Likizo iliyopita katibu wa jumuiya yetu kule Uru aliniomba nimsaidie kukusanya takwimu za familia, kwa sababu mimi ni frateri na eti nina mwandiko mzuri. Tulipofika nyumbani kwetu mama akasema, "Andika sita, baba." Nikamwambia kwamba fomu inataka idadi ya waliozaliwa. Akaniuliza, "Kwani yule hakuzaliwa?" Sikuwa na jibu, na katibu alikuwa anasubiri, basi nikaandika watano.

Niliporudi seminarini nilianza kusoma sheria zetu zinasemaje juu ya mtoto ambaye hajazaliwa. Nilitarajia kukuta jibu moja, lakini nimekuta majibu kadhaa ambayo hayaelewani.

Tuanze na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi. Lakini ibara ya 12, inapoeleza usawa wa binadamu, inaanzia kwenye kuzaliwa: binadamu wote huzaliwa huru na sawa. Haisemi lolote juu ya miezi tisa ya kabla. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Imeweka mwisho wa utoto, ila mwanzo wake imeuacha wazi.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haikuacha wazi. Kifungu cha 204 kinasema mtoto anakuwa mtu anayeweza kuuawa pale anapokuwa ametoka mzima mzima, akiwa hai, katika mwili wa mama yake, hata kama hajavuta pumzi na kitovu hakijakatwa. Soma tena sentensi hiyo polepole. Maana yake ni kwamba dakika moja kabla ya hapo hakuna kosa la mauaji, kwa kuwa kisheria hakuna mtu wa kuuawa.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inamlinda. Anayemtoa mwanamke mimba anaweza kufungwa miaka 14, na mwanamke anayejitoa mwenyewe miaka 7. Kifungu cha 219 kinakwenda mbali zaidi: anayeua kwa makusudi mtoto aliyeweza kuzaliwa hai, kabla hajatengana na mama yake, anaweza kufungwa maisha, na mimba ya wiki 28 inachukuliwa kuwa ushahidi wa awali kwamba mtoto angeweza kuzaliwa hai. Kwa hiyo adhabu ni kubwa, ila jina la mtu halipo.

Kuna jambo lililonishangaza katika kifungu cha 150. Kosa la kujaribu kumtoa mwanamke mimba linakamilika awe ana mimba au hana. Kama kosa lipo hata pale ambapo hakuna mtoto, basi kifungu hicho hakikuandikwa kwa kumtazama mtoto. Kilitazama kitendo na nia. Maneno hayo tumerithi kutoka kwa Waingereza: kosa la kutoa mimba linafuata sheria yao ya 1861, na zile wiki 28 zinatoka katika sheria yao ya 1929, wakati ambapo aliyezaliwa mapema kuliko hapo hakuwa na tumaini kubwa la kuishi. Leo wauguzi wa wodi za watoto njiti wanaweza kukuonyesha mtoto wa wiki 28 akiwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, anaongezeka uzito.

Hapa tutofautishe maana mbili za neno mtu. Katika falsafa tunafuata maelezo ya Boethius: nafsi ni kitu kizima, kimoja, chenye asili ya akili. Unafsi huo hautolewi na yeyote. Unakutwa tu, kama unavyoukuta mlima. Kwa wanasheria, mtu ni yule ambaye sheria imeamua kumhesabu, anayeweza kuwa na haki, mali na jina. Ndiyo maana kampuni iliyosajiliwa BRELA ni mtu kisheria. Inaweza kumiliki ghala pale Moshi mjini, kushtaki na kushtakiwa. Haina mama wala haijawahi kulia. Kama sheria iliweza kuona mtu ndani ya karatasi za usajili, basi haiwezi kusema kwamba inashindwa kumwona mtu tumboni. Ni suala la kutaka.

Na mara nyingine inataka. Mwanamke mjamzito akitiwa hatiani kwa kosa la kunyongwa, sheria yetu haimpi adhabu ya kifo, humpa kifungo cha maisha. Kwa nini? Yeye ndiye aliyehukumiwa, na mimba haipunguzi hatia yake hata kidogo. Jibu ni moja tu: tumboni kuna mwingine ambaye hakutenda kosa. Katika mirathi ni vivyo hivyo. Sheria ya Mirathi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika nchini kwa baadhi ya mirathi, inamweka mtoto aliyekuwa tumboni baba alipofariki sawa na ndugu zake, mradi azaliwe hai. Ndugu zetu Waislamu nao huacha fungu la mtoto wa tumboni mali inapogawanywa. Waroma wa kale walikuwa na kanuni hiyo: aliye tumboni ahesabiwe kama amezaliwa kila inapohusu faida yake. Hata marekebisho ya sheria za kazi ya 2025, yaliyomwongezea muda wa likizo mama aliyejifungua mtoto njiti, yanakiri kwamba wiki za tumboni ni sehemu ya umri wa mtoto huyo.

Kwa hiyo sheria yetu inamjua. Inamjua inapogawa shamba na inapoahirisha kitanzi. Inamsahau inapofika kwenye kifungu cha 204.

Kanisa linafundisha nini? Waamini wengi watashangaa kusikia kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino hakufundisha kwamba roho yenye akili inaingia siku mimba inapotungwa. Alifuata biolojia ya Aristotle, aliyeona kwamba mwili lazima uumbike kwanza, siku 40 kwa mvulana na zaidi kwa msichana. (Wasichana wa kwaya yetu hawakufurahia niliposimulia hili.) Pamoja na hayo Thoma alihesabu kutoa mimba kuwa dhambi kubwa wakati wowote. Yai la mwanamke lilikuja kuonekana kwa darubini mwaka 1827 tu, na Karl Ernst von Baer. Tangu hapo tunajua jambo ambalo Thoma hakulijua: tangu kutungwa mimba yupo kiumbe mmoja, mpya, anayejijenga mwenyewe.

Hata hivyo Kanisa limekuwa na tahadhari kuliko tunavyodhani. Hati ya Donum Vitae ya 1987 haikutangaza rasmi, kifalsafa, ni dakika gani roho inaingia. Ilisema kwamba mwanadamu aheshimiwe na kutendewa kama nafsi tangu kutungwa mimba. Na Yohane Paulo II, katika Evangelium Vitae ya 1995, aliongeza hoja ambayo naiona ya nguvu zaidi kwa mtunga sheria: hata kama ungekuwapo uwezekano tu kwamba yupo nafsi, huo unatosha kukataza kumuua. Kule kwetu anayeangusha mti juu ya njia ya kwenda mfereji hupiga kelele kwanza na kusikiliza. Asiposikia mtu lakini akaona kichaka kinatikisika, haangushi. Hahitaji kuthibitishiwa kwamba ni mtoto aliyekuja kuchota maji.

Je, yatosha basi kuandika neno mtu kwenye Katiba? Majirani zetu wamejaribu. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 22, inamtaja mtoto asiyezaliwa na kukataza kumwondolea uhai isipokuwa kwa namna sheria inavyoruhusu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 26, imesema waziwazi kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, halafu katika ibara hiyo hiyo ikaruhusu mimba kutolewa pale mhudumu wa afya anapoona uhai au afya ya mama iko hatarini. Maaskofu wa Kenya walipinga wakati wa kura ya maoni wakiona kwamba mlango umefungwa kwa mkono mmoja na kufunguliwa kwa mwingine. Wananchi waliipitisha, na kesi juu ya maana ya ibara hiyo zimeendelea mahakamani. Tanzania nayo iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, inayotaka mimba iruhusiwe kutolewa katika hali kadhaa zikiwamo ubakaji, huku Kanuni ya Adhabu ikibaki ilivyo.

Wapo wanaoogopa kwamba mtoto akihesabiwa kuwa mtu, daktari ataogopa kumgusa mama anayevuja damu. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, maana anayekufa ni mama wa watu. Lakini Kanuni ya Adhabu tayari, katika kifungu cha 230, inamlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Na katika maadili ya Kikatoliki, mimba ikitunga kwenye mrija, mrija uliougua unaweza kuondolewa ingawa inajulikana kwamba mtoto hatapona, kwa sababu kinachokusudiwa ni kuondoa kiungo kinachoua. Kuhesabu watu wawili hakumaanishi kumwacha mmoja afe. Kunamlazimisha daktari awafikirie wote wawili, na madaktari wazuri hufanya hivyo tayari.

Hofu nyingine inanigusa zaidi: kwamba tunatafuta tu kuongeza miaka ya kifungo kwa msichana maskini. Hapa nasema wazi, bila kuisemea seminari, kwamba ningependa tuanzie mahali pengine. Hadi Novemba 2021 msichana aliyepata mimba katika shule ya serikali alifukuzwa na hakurudi. Tulikuwa tunamwambia kwamba mimba ndiyo itakayokupotezea shule, kisha tunamtisha kwa miaka saba jela akiitoa. Kama aliye tumboni ni mtu, basi kanuni ile ilikuwa inamfukuza mwanafunzi pamoja na mtoto wake, na kumfundisha mama amwone mtoto kuwa adui. Sasa serikali imeruhusu warudi. Shule zetu za Kanisa zijiulize zenyewe zinafanyaje.

Tangu 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria, na sheria zinatafsiriwa. Mtafsiri atakapofika kwenye vifungu hivi atachagua kati ya mimba, kijusi na mtoto aliye tumboni. Uchaguzi huo si mdogo. Kijusi kinakua, mtoto anakua. Ngeli peke yake imeshaamua nusu ya kesi kabla hakimu hajaketi. Mama zetu hawajawahi kusema "kijusi kimenipiga teke".

Kwa maoni yangu, sheria imhesabu. Imhesabu kwanza kwenye karatasi ambazo hazimfungi mtu yeyote. Hapa Moshi, KCMC wamekuwa na rejista ya uzazi tangu mwaka 2000, ambamo hata mtoto aliyezaliwa mfu huandikwa pamoja na habari za mama yake, na watafiti wamejifunza mengi humo kuhusu vifo vinavyoweza kuzuilika. Kwa hiyo kumwandika kunawezekana, na kunaokoa wanaofuata. Wazazi wanaotaka jina la mtoto wao liandikwe wapewe nafasi ya kuliandika. Wanaotaka mwili wapewe kwa heshima. Kisha ndipo turekebishe kifungu cha 204, na lile pengo la mjamzito anayegongwa na pikipiki barabarani, yeye akapona na mtoto akafia tumboni, mwendesha pikipiki asishtakiwe kwa kifo chochote.

Nasi tusimalizie kwa serikali. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 871, inaagiza mtoto wa mimba iliyotoka abatizwe kama yu hai, kadiri inavyowezekana. Kanuni ya 1183 inamruhusu Askofu wa mahali kukubali mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla. Kitabu cha Baraka kina sala kwa wazazi waliopoteza mimba. Nilipoyasoma haya nilimpigia mama simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama miaka 17 baadaye ni kuchelewa mno. Nilimwuliza paroko wetu, naye akasema atakuja kusali pale kihambani wakati wa likizo ya Desemba, ndugu wote wakiwa wamepanda kutoka mijini, na kwamba nimletee fomu ile ya takwimu airekebishe. Wazazi wenye jambo kama hilo waende kwa paroko wao.