Konokono Huyu, Si Konokono Hii
Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Kanzenze husikia mara nyingi: "konokono hii inatambaa". Konokono ni mnyama, hivyo tuseme "konokono huyu anatambaa", na katika wingi "konokono hawa wanatambaa". Anayemfuga katika tangi la kioo ajue na jambo jingine: asimwokote kandokando ya Ziwa Kivu. Konokono wa jamii ya Biomphalaria huweza kubeba vimelea vya kichocho, ambavyo humtoka, huogelea na kupenya ngozi ya aliyetia mkono majini. Hata hivyo, hazaliwi navyo. Huvipata katika maji yaliyoingia kinyesi cha mgonjwa. Basi aliyeanguliwa tangini, katika maji safi, hana hatari hiyo. Mwalimu akitaka konokono wa kuonyesha darasani, amtumie huyo.