Mlima Mmoja, Sura Nyingi

Wajukuu zangu, asubuhi ya Tukuyu mara nyingi hamuuoni mlima Rungwe. Umejifunika ukungu gubigubi. Jua likipenya, unajitokeza wa kijani kibichi, na majani ya chai yanameta kwa umande. Mchana mvua ikitanda, mlima ule ule unageuka rangi ya kijivu iliyoiva. Sasa mkiulizwa Rungwe una rangi gani, mtajibu nini?

Swali kama hilo lilimkosesha raha mchoraji wa Ufaransa, Claude Monet, aliyezaliwa mwaka 1840. Karibu na nyumba yake, kijijini Giverny, wakulima walirundika ngano baada ya mavuno, marundo makubwa yaliyochongoka juu kama paa la msonge. Mwaka 1890 akashika kazi ya kuyachora. Lakini jua halimsubiri mtu. Kabla hajamaliza, kivuli kimeshahama. Husimuliwa kwamba alimtuma binti yake wa kambo amletee kanvasi nyingine, kisha nyingine tena. Ikawa ndiyo desturi yake: kanvasi hii ya asubuhi, ile ya jua kali, nyingine ya machweo. Nuru ikibadilika, anaiweka hii anashika ile, na kesho yake saa ile ile anairudia. Alipata picha zipatazo 25 za marundo hayo hayo.

Tazameni zile alizochora wakati wa theluji: vivuli si vyeusi. Amevipaka bluu na zambarau, kwa kuwa ndivyo alivyoviona.

Mbona rangi hubadilika? Jua likiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi. Bluu hutawanyika njiani, nyekundu na rangi ya chungwa ndizo hutufikia. Ukungu nao ni matone madogo mno ya maji. Hutawanya rangi zote kwa pamoja, ndiyo maana ni mweupe. Kwetu hauadimiki, kwani pepo za Ziwa Nyasa huja na unyevu, zikikutana na milima hupanda, hupoa, na ule unyevu ukawa wingu.

Monet angefika Rungwe, asingekosa kazi hata siku moja. Nanyi basi, Jumamosi hii kaeni mahali pamoja, mchore mlima mara tatu: asubuhi, mchana na jioni. Msichore mlima mnaoukumbuka, choreni mnaouona saa hiyo. Na penseli nyeusi msiikimbilie.