Mzazi Afundishwe Kabla Mtoto Hajaruhusiwa

Mtoto akianguka kutoka kwenye mwembe au akigongwa na bodaboda, akaumia kichwa na uti wa mgongo kwa pamoja, familia nzima huelekeza macho kwenye upasuaji. Fedha huchangwa, ndugu husafiri, na kila asubuhi daktari anapopita huulizwa swali lile lile: atatembea lini? Wana haki ya kuuliza, ingawa katika wiki za mwanzo mara nyingi hakuna daktari anayeweza kujibu kwa uhakika. Wakati jibu likisubiriwa, mambo yatakayoamua kama mtoto ataishi, na ataishi vipi, yanaendelea pale pale kitandani: ngozi, kibofu, mapafu, usingizi na hofu. Mengi kati ya hayo yamo ndani ya uwezo wa mama, baba, bibi au shangazi anayekaa naye wodini. Kwa hiyo nasema mtu huyo afundishwe tangu siku za kwanza kama sehemu ya tiba yenyewe, asisubiri kupewa maelezo ya dakika 10 siku ya kuruhusiwa, begi likiwa tayari mlangoni.

Historia ya tiba hii inaunga mkono hoja hiyo. Hadi miaka ya 1940, wengi waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo walikufa ndani ya miezi michache, na kilichowaua kwa kawaida kilikuwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na kibofu kiangaliwe kwa uangalifu ule ule. Hakuwa na dawa ya kuunganisha mishipa ya fahamu iliyokatika, na hata leo dawa hiyo haipo. Hata hivyo wagonjwa wake waliishi, kwa sababu mtu aliyepoteza hisia hasikii maumivu yanayotufanya sisi tujigeuze usingizini bila kujua. Lazima mwingine amgeuze. Kwa mtoto ambaye mgongo wake bado haujathibitishwa kuwa imara, hiyo ni kazi ya watu wawili au zaidi wakiongozwa na muuguzi: kichwa, mabega na nyonga vigeuke kwa pamoja, bila shingo wala kiuno kupinda. Kila anapogeuzwa, ngozi ikaguliwe kwenye visigino, nyonga, mfupa wa juu ya makalio na kisogo. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kwa shida. Tafuta sehemu iliyozidi kuwa nyeusi, yenye joto au iliyo ngumu kuliko ngozi ya pembeni yake. Ukiiona, mtoto asilalie upande huo, na muuguzi aambiwe saa ile ile.

Kibofu nacho kina somo lake. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba mpira wa mkojo unaoingizwa na kutolewa kila baada ya saa chache unaweza kutumika kwa usafi wa kawaida wa mikono iliyonawiwa vizuri, bila masharti yote ya chumba cha upasuaji. Ugunduzi huo ndio uliowawezesha wazazi duniani kote kuwahudumia watoto wao nyumbani na kulinda figo zao. Lakini mkono hujifunza kwa kurudia. Mama aliyeonyeshwa mara moja tu ataogopa, ataruka zamu, na figo zitalipa. Pia afahamishwe hatari moja ambayo huweza kujitokeza wiki au miezi baadaye: jeraha likiwa shingoni au sehemu ya juu ya kifua, kibofu kilichojaa au mpira uliojikunja unaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Mtoto atalalamika kichwa kinamuuma sana, uso utatoka jasho. Hiyo ni dharura, na mara nyingi wa kwanza kuiona ni aliyekaa kando ya kitanda.

Ubongo ulioumia unadai uangalizi wa namna nyingine. Mtoto anayetoka katika kupoteza fahamu hupita kipindi cha kuchanganyikiwa: hajui yuko wapi, anasahau aliyoambiwa asubuhi, pengine anatukana au anapiga watu. Hajakosa adabu wala hajapandwa na mashetani. Ni jeraha linalosema. Ndugu 10 wakimzunguka na kuzungumza wote kwa pamoja, hata kwa upendo, wanamchosha. Azungumze mtu mmoja, kwa sentensi fupi, amtajie jina lake, siku na mahali alipo, kisha amwache apumzike. Tena familia isidanganyike na imani kwamba ubongo wa mtoto hujiponya wote kwa kuwa bado mchanga. Uwezo ambao haujakomaa huweza kuharibika kimya kimya, na upungufu ukaonekana miaka baadaye, masomo yanapozidi kuwa magumu. Mwalimu asipoambiwa, atamwita mvivu.

Wapo watakaosema kazi hizi ni za kitaalamu, na mzazi asiyesoma ataharibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Lucia Willadino Braga na wenzake wa hospitali za SARAH nchini Brazil unatoa jibu. Watoto 87 wenye umri wa miaka 5 hadi 12 walioumia ubongo waligawanywa katika makundi mawili: kundi moja lilihudumiwa moja kwa moja na wataalamu, jingine na wazazi waliofundishwa na kusimamiwa na wataalamu hao. Baada ya mwaka mmoja, kundi la wazazi ndilo lililopiga hatua ya wazi kimwili na kiakili, na kiwango cha elimu cha mzazi hakikuwa kizuizi. Ni kweli watoto hao walikuwa wameshapita hatua ya mwanzo ya jeraha, hivyo utafiti huo hauwezi kutumika kumwondoa muuguzi wodini. Unathibitisha tu kwamba mzazi anafundishika.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wodi zimejaa, wauguzi ni wachache, na kumfundisha mama ni njia ya kumtwisha kazi ya serikali. Nalichukulia kwa uzito. Lakini katika hospitali zetu nyingi mama tayari ndiye anayelisha, anayeogesha na anayebadilisha mashuka. Mzigo anao, ila hajapewa ujuzi wa kuubeba. Msongamano nao unadhibitika kwa kuruhusu mlezi mmoja aliyetajwa kwenye faili, anayenawa mikono, na wa pili wa kumpokea, maana asiyelala wiki nzima hawezi kugeuza mtu salama. Uingereza nayo ilibishania suala la wazazi kuwepo wodini hadi kamati ya Harry Platt, mwaka 1959, ilipopendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao waliolazwa wakati wowote.

Kwa hiyo kila wodi inayolaza watoto hawa iweke sharti moja kabla ya kusaini ruhusa: mlezi amgeuze mtoto, akague ngozi na aweke mpira wa mkojo kwa mikono yake mwenyewe, muuguzi akimtazama, mpaka afanye bila kusaidiwa. Nawe mzazi, kama hujafundishwa, usione haya kudai kufundishwa kabla hujaondoka.