Gesi ya jalala yaweza kuwa umeme, ila si katika kila jalala

Jalala la Kiteezi, lililopokea taka za jiji la Kampala nchini Uganda tangu mwaka 1996, liliporomoka Agosti 10, 2024 baada ya mvua kubwa na kufukia nyumba za jirani. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Maafa hayo yameibua upya swali linaloikabili miji mingi ya ukanda huu: je, mlima wa taka waweza kugeuzwa kuwa chanzo cha umeme?

Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti.

Mabaki ya chakula, maganda ya ndizi na majani yakifukiwa mahali pasipo na hewa, huozeshwa na vijidudu vinavyotoa gesi. Takribani nusu ya gesi hiyo ni methani, na sehemu kubwa iliyobaki ni kabonidioksidi. Kwa kipimo cha miaka 100, methani hupasha joto angahewa mara zipatazo 28 kuliko kabonidioksidi ya uzito uleule. Aidha, ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15, cheche moja yatosha kuilipua.

Ili kuivuna, visima huchimbwa ndani ya lundo na kutiwa mabomba yenye matundu. Mashine huivuta gesi hadi kituoni, ambako huondolewa unyevu na kemikali zinazoharibu mitambo. Kisha huchomwa katika injini inayozungusha jenereta, na umeme huingizwa kwenye gridi. Gesi inayozidi huteketezwa kwa moto ili isivuje.

Afrika Kusini imekwisha kuifanya kazi hiyo. Manispaa ya eThekwini, lilipo jiji la Durban, ilianza mwaka 2006 katika jalala la Mariannhill kwa mtambo wa megawati 1, kisha ikafunga mitambo ya megawati 6.5 katika jalala la Bisasar Road. Mauzo ya umeme yalisaidiwa na mapato ya biashara ya kaboni. Kwa mahitaji ya jiji zima, kiasi hicho ni kidogo.

Majalala hayo, hata hivyo, yaliendeshwa kihandisi: taka zilishindiliwa kwa matabaka na kufunikwa udongo, na maji machafu yalikusanywa. Katika jalala la wazi, hewa hupenya, gesi hutoroka, moto huzuka mara kwa mara, na visima hujaa maji au kuvunjika lundo linaposogea.

Kwa hiyo umeme ni tunda la jalala linalotunzwa. Hauwezi kuliponya lililotelekezwa. Kwa familia zinazoishi chini ya milima ya taka, kushindilia, kufunika na kuyaondoa maji ni kazi ya kuokoa maisha, hata kama jenereta haitafungwa kamwe.