Umbali wa Kwenda Kazini

Mtu akiulizwa anaishi wapi, hutaja mtaa wake na nyumba yake. Lakini kwa mfanyakazi wa leo liko swali jingine zito zaidi, nalo ni hili: nyumba hiyo iko mbali kiasi gani na mahali anapopatia riziki? Wengi hudhani kwamba swali hili ni la watu wa Dar es Salaam peke yao, ambao kila alfajiri hutoka Mbagala, Chanika, Gongo la Mboto, Bunju na Kibaha kwenda kutumika katikati ya mji. Sisi tunaona kwamba ni swali la nchi nzima, na ndiyo sababu tunapenda kulianzia Gendabi, chini ya Mlima Hanang, mbali kabisa na msongamano wa mji huo.

Katika nchi hiyo ya Wairaqw na Wabarbaig, kwa desturi, nyumba na kazi vilikuwa kitu kimoja. Zizi lilikuwa mlangoni na shamba halikuwa mbali, na mtoto alijifunza kazi kwa kuwatazama wazazi wake wakiifanya. Mwezi Novemba 1973 TANU iliamua kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji ifikapo mwisho wa 1976, na wafugaji wa Hanang nao wakaingizwa katika mpango huo. Faida haikukosekana, maana ni rahisi kupeleka shule na zahanati penye watu wengi. Lakini palipokuwa na haraka, nyumba zilipangwa kando ya barabara, na mashamba na malisho yakabaki nyuma kwa mwendo mrefu. Mkulima akawa msafiri kila siku, jembe begani, ingawa hakuna aliyempa jina hilo.

Kisha likaja jambo ambalo halikupangwa na mtu. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vikashuka juu ya Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Baadaye nyumba zaidi ya 100 zilijengwa huko Waret, katika wilaya hiyo hiyo, kwa ajili ya waliopoteza makazi. Hakuna mwenye akili atakayelaumu kuwaondoa watu katika njia ya hatari. Lakini kila familia inayopokea ufunguo wa nyumba mpya, popote pale, ina haki ya kuuliza: shamba langu liko wapi kutoka hapa? Soko nililokuwa nikiuza liko wapi? Mtoto atatembea saa ngapi kwenda shule? Paa na kuta humlinda mtu na mvua. Maisha yake hutegemea majibu ya maswali hayo.

Tukiyachukua maswali hayo ya Gendabi mpaka Dar es Salaam, tutaona kwamba mamia kwa maelfu ya familia zinayajibu kila siku kwa jasho lao. Wakati wa ukoloni mji ule uligawanywa kwa rangi: Wazungu Oysterbay penye upepo wa bahari, na Waafrika Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke. Ubaguzi ule ulikuwa dhuluma kubwa, lakini mji wenyewe ulikuwa mdogo, na kuli wa bandarini aliyekaa Kariakoo aliweza kwenda kazini kwa miguu. Katika hesabu ya watu ya 1967 mji wote haukufikia watu laki tatu. Katika sensa ya 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Watu hawa hawakuweza kutosha Kariakoo na Magomeni. Walikwenda nje, kilometa kwa kilometa, wakifuata barabara ya Morogoro, ya Pugu, ya Kilwa na ya Bagamoyo.

Yafaa tueleze sababu ya mwendo huo, maana wako wanaodhani kwamba watu hupenda tu kuishi mbali. Mwenye nyumba katikati ya mji hudai kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja, na mfanyakazi hulipwa kwa mwezi. Kwa hiyo mume na mke hujinyima, wakanunua kiwanja kidogo pembezoni, wakaanza kujenga: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu bati za vyumba viwili. Wanahamia kabla dirisha halijatiwa kioo, kwa sababu wanataka watoto wakue katika nyumba yao wenyewe, penye nafasi ya kucheza na ya kupanda mchicha. Hilo ni jambo la heshima. Tunawasifu wazazi wa namna hiyo.

Lakini bei ya kiwanja haimalizwi siku ya kuandikiana. Tuchukue mfanyakazi anayetumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Kwa siku tano za kazi amepoteza saa 20 njiani. Kwa majuma 48 ya mwaka ni saa 960, yaani siku 120 za kazi za saa nane. Hakuna mwajiri anayezilipa, na juu yake kuna nauli ya daladala, na ya bodaboda kutoka barabara kuu mpaka mlangoni. Baba huondoka saa kumi alfajiri watoto wamelala, na hurudi saa tatu usiku wamelala tena. Mama anayefanya kazi mjini hubeba mzigo huo huo, kisha hukuta chakula hakijapikwa. Na mwanafunzi, kwa kuwa nauli yake ni ndogo, husukumwa mlangoni mwa basi na kondakta anayetaka abiria wa nauli kamili. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia huwa mahali ambapo familia haionani.

Hatusemi kwamba hapakufanyika kitu. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962 ili kuwajengea wananchi nyumba bora. UDA ilianza 1974, na iliposhindwa kuwatosha watu, daladala za watu binafsi zikaruhusiwa 1983. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza 2002, ulipima ardhi Bunju, Toangoma, Kibada na kwingineko. Treni ya abiria wa mjini ilianza Oktoba 2012, na mabasi ya mwendokasi yakaanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Haya yote ni mema. Lakini tazameni mfuatano wake: mara nyingi watu wametangulia, na barabara, maji, shule na basi vimekuja nyuma yao, pengine baada ya miaka kumi. Na barabara inapokuja imechelewa, hukuta nyumba zimekwisha jengwa, kama ilivyokuwa 2017, zilipobomolewa nyingi baina ya Kimara na Kiluvya ili kupanua barabara ya Morogoro.

Huko Uingereza, mji wa Letchworth ulioanzishwa 1903 ulijengwa kwa wazo kwamba viwanda viwekwe pamoja na nyumba, ili mtu asiishi mbali na kazi yake. Hatuna haja ya kuiga miji ya Waingereza, lakini wazo hilo halina taifa. Hapa petu ziko nyumba 644 za Magomeni Kota, zilizofunguliwa Machi 2022 pale pale palipokuwa na nyumba za zamani. Zinaonyesha kwamba yawezekana kumweka mwananchi wa kawaida karibu na katikati ya mji, ikiwa tuko tayari kujenga kwenda juu.

Kwa hiyo tunasema mambo matatu. Kwanza, kiwanja kisigawiwe kabla ya kutengwa mahali pa barabara, shule, soko na zahanati, na mahali hapo palindwe pasiuzwe. Pili, basi na treni vihesabiwe kuwa sehemu ya nyumba, vitangulie au viandamane na wakazi. Tatu, kazi nazo zihamie kwa watu: viwanda, ofisi na masoko ya jumla viende Kibaha, Chanika na Mbagala, badala ya watu wote kumiminika Posta na Kariakoo.

Nanyi wafanyakazi, mnapoketi kujadiliana juu ya mishahara, wekeni mezani na saa za njiani. Nanyi wajumbe wa mashina, msingoje mpaka kiwanja cha shule kimekwisha kuota nyumba ndipo mseme. Awe ni mkulima wa Gendabi anayeanza upya, awe ni karani wa Gongo la Mboto anayesubiri basi gizani, anastahili kuifika nyumba yake kabla watoto hawajalala.